Kaboni Niliyompelekea Mama Rudo

Sikuwa na mpango wowote wa kwenda Durban. Nilichokuwa nikitafuta ni ua. Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Morogoro, na mwaka huu wanafunzi wangu waliniambia waziwazi kwamba wamechoka kudarizi maua yaleyale. Nikaona nifungue sanduku la mama yangu, Bi Rehema, anamotunza michoro ya vitambaa tangu ujana wake. Nikalikuta waridi moja kubwa, zuri kweli, limechorwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani ya mkunjo kulikuwa na karatasi ya kaboni.

Vijana hawaijui kaboni, kwa hiyo nieleze. Ni karatasi nyembamba, nyeusi, unaiweka katikati ya karatasi mbili nyeupe kwenye mashine ya kupigia chapa. Unagonga herufi juu, nayo inatoa nakala chini. Sisi washonaji tunaitumia kuhamishia mchoro kwenye kitambaa. Nikaiinua dirishani nione kama bado inafaa, nikaona maneno. Kila herufi iliyogongwa ilikuwa imeacha upenyo mdogo wa mwanga, na juu yake yamepita mapindo ya waridi la mama. Kilikuwa Kiingereza cha ofisini, kinahusu ardhi, fidia, na mambo ambayo "ujumbe wetu" ungeyakubali endapo ungebanwa sana.

Nikampelekea mama huku nacheka. Alikuwa sebuleni anachambua mchele. Akaishika, akaigeuzia kwenye mwanga, akasoma mstari mmoja, kisha akauweka ungo chini. Mchana hakula. Jioni hakula. Nikadhani ni presha, nikataka kumpeleka hospitali, akaniambia niache kelele.

Asubuhi yake alinisimulia. Mama alikuwa mpiga chapa wa serikali, na vita vya Rhodesia vilipokuwa bado vinapiganwa, aliazimwa kwa ujumbe wa wapigania uhuru waliokwenda Uingereza kuzungumzia katiba ya nchi yao. Hilo la safari ya Uingereza nililijua, maana koti lake la sufu tulilirithi watoto wote kwa zamu. Nisilolijua ni habari za Rudo. Rudo alikuwa mpiga chapa wa ujumbe wenyewe, msichana wa Mutare aliyekimbilia Tanzania na kujifunza kazi hapa. Waliketi meza moja, mashine mbili, wiki baada ya wiki. Kwenye meza ya mazungumzo wazee walibishania bunge, jeshi na ardhi, na kila siku iliyopotea kwenye ubishi, watu walikufa porini. Mmoja wa waliokuwa porini alikuwa kaka yake Rudo.

Kaboni ikitumika mara moja tu husomeka, kama nilivyoisoma mimi dirishani. Kwa hiyo palikuwa na sheria: karatasi za siri zipigwe kwa kaboni mpya, na jioni kaboni zote zihesabiwe na kuchomwa. Mama sheria hiyo ilimuuma. Ofisini kwao Dar es Salaam kaboni ilitumika mpaka itoboke, tena walikuwa wakigombania. Kuchoma karatasi iliyogongwa mara moja aliona ni kufuru. Za barua za kawaida, za shukrani na za miadi, alikuwa akiziweka pembeni na kuzificha sandukuni kwa ajili ya vitambaa vyake.

Siku moja kaboni ikapungua. Ilikuwa ya ukurasa wa msimamo wa mwisho kuhusu ardhi. Kesho yake upande wa pili ukaja na jibu lililofanana mno na ule ukurasa, na watu wakaamini karatasi imeuzwa. Huenda ilikuwa bahati mbaya tu, nani ajuaye. Wapiga chapa wakaitwa. Mama akasema zake amezihesabu, zimetimia. Rudo akasema hana uhakika. Rudo akaondolewa siku hiyohiyo, na tangu hapo kwao akaitwa msaliti.

"Mimi nami niliamini ni yeye," mama alisema. "Miaka yote hii. Kumbe ilikuwa imelala kwenye waridi langu."

Mama ana miaka sabini na tisa na magoti yake hayapandi hata ngazi za kanisani. Tulijua Rudo yuko Durban, kwa sababu mfanyakazi mwenzao wa zamani aliwahi kumwona huko, anaandikia watu barua karibu na bandari. Mama hakuniomba niende. Alikaa tu na ile karatasi mapajani, akiitazama, na mimi sikuweza kuvumilia kumtazama. Likizo ya chuo ilikuwa imebaki wiki tatu.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la kwenda kusini. Kaboni niliiweka ndani ya daftari la michoro, daftari ndani ya mkoba, mkoba kifuani. Mama alinipa pia kitambaa chenyewe, kile cha waridi, kilichokaa juu ya redio yetu tangu nikiwa mtoto. Akasema nimpe Rudo kama zawadi. Mimi niliona zawadi hiyo ina walakini, lakini mama yangu hapingwi akiwa amesimama getini na kanga kichwani.

Tunduma tulifika usiku, tukavuka kesho yake. Zambia ni ndefu. Sina la kuongeza juu ya Zambia, isipokuwa kwamba watu wake ni wapole na barabara yao haiishi.

Siku ya tatu, Chirundu, tulivuka mto Zambezi tukaingia Zimbabwe. Ofisa mmoja wa forodha, mwanamke wa umri wangu, alifungua daftari langu akaikuta kaboni. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kudarizi. Akaigusa, akatazama kidole chake kilichoingia weusi, akacheka, akanirudishia. Basi lilipoondoka nilibaki nimejiinamia. Hii ndiyo nchi ambayo karatasi ile iliandikwa kwa ajili yake, na mimi nimepita nayo kwa ruhusa ya kicheko, na Rudo, mwenye haki ya kupita hapa, hapiti. Niliona aibu, ingawa hakuna aliyenitazama.

Johannesburg nilibadili basi. Alhamisi saa tisa alasiri tukaanza kuteremka kuelekea baharini, hewa ikawa nzito na yenye chumvi, nikajua nimefika.

Durban nilipokewa na Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu, shemeji wa jirani yetu mmoja wa Morogoro. Ana saluni chini ya jengo la ghorofa huko Berea, kwenye mgongo wa kilima juu ya mji, na chumba chake kiko ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Sijamaliza kushuka kwenye gari, ameshanipokonya begi.

"Karibu sana, yaya, dada yangu! Leta mzigo. Umechoka, eish, macho yako inaonyesha. Iko maji ya moto, iko na sombe. Utaoga kwanza ao utakula kwanza?"

Nilioga, nikala sombe, ambalo kwetu ni kisamvu, nikamweleza nimemfuata nani. Akaacha kijiko hewani.

"Maman Rudo wa mashini? Namujua! Njo yeye aliniandikia papiers yangu ya asylum, ya ukimbizi. Nilikuwa nalia, naongea vitu byote mara moja, yeye ananiambia, maman, anza ku mwanzo. Alihesabu makaratasi mara tatu, kisha ananipa nami nihesabu. Nikamuuliza, ni ya nini kuhesabu hivi? Ananiambia, hesabu tu."

"Ni mkali?"

"Roho yake iko nguvu. Lakini hakuna mutu wa hapa mwenye hakumusaidia. Kesho unateremuka na taxi, unashuka ku robot ya mwisho mbele ya port. Uliza tu."

Usingizi haukuja upesi. Kutoka dirishani niliziona taa za bandari na zile mashine ndefu za kunyanyulia makontena, na mkoba wangu ulikuwa chini ya mto.

Ijumaa saa nne asubuhi nilishuka kwenye roboti ya mwisho, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huko. Mtaa wote ni malori. Katikati ya ofisi ya meli na duka la matairi palikuwa na kibanda cha matofali chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kwenye kona, juu ya meza yake yenyewe, mashine ya kupigia chapa iliyofunikwa kwa taulo. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa chini kabisa, miwani kifuani.

Nilipanga foleni. Mbele yangu alikuwa muuza simu mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya mwenye nyumba wake. Mama yule alimpigia barua yake, akahesabu kurasa kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, moja, mbili, kisha akamsukumia. "Hesabu na wewe." Yule bwana akahesabu, akasema "Sharp, maman," yaani sawa, akaondoka.

"Na wewe ni fomu gani?"

"Shikamoo mama. Sina fomu. Natoka Morogoro. Mimi ni binti wa Rehema."

Alikuwa anabana karatasi kwa pini. Akamaliza kuzibana. "Marahaba," alisema. "Rehema yupi?"

"Wa kupiga chapa."

Kwetu mgeni hupokewa mzigo kabla hata ya salamu kwisha. Hata ugomvi uwe mkubwa kiasi gani, mzigo hupokewa, ndipo watu wagombane. Begi langu, lenye kile kitambaa ndani, lilikuwa mkononi, na Mama Rudo aliliona. Alilitazama kabisa. Halafu akatazama saa.

"Nina watu mpaka jioni," alisema, kwa Kiswahili safi cha Tanzania ya zamani, kama taarifa ya habari ya redio. "Kesho tunafunga saa saba mchana. Njoo saa saba."

Nikarudi kilimani na begi langu. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia Maman Furaha kwamba sikusafiri siku nne kuja kutazamishwa saa. Yeye alikuwa anasuka mteja. "Na yeye amengoja miaka ngapi?" aliuliza. Nikaenda kumenya vitunguu.

Jumamosi saa saba nilimkuta ameshaweka kiti cha pili. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilianza vibaya, kwa sababu nilianza na kitambaa. Nikakikunjua, nikasema mama amekupa zawadi, kazi ya mikono yake.

"Mrudishie," alisema. "Vitambaa ninavyo."

Basi nikatoa kaboni. Nikaeleza yote kwa haraka, sanduku, waridi, ungo wa mchele, mpaka nikaishiwa pumzi. Sijui kama alinisikia. Alikuwa ameshainuka, amekwenda mlangoni, amevaa miwani na kuinyanyua karatasi kwenye mwanga. Lori likapita, likafuata jingine, yeye bado anasoma.

"Ukurasa wa tatu," alisema. "Niliugonga mimi. Hapa niliruka nafasi mbili badala ya moja, nikajilaumu. Ni wangu huu."

Akakaa. Akalia, lakini si kwa sauti. Machozi yalishuka tu naye akayaacha yashuke. Nami nikalia, maana mimi si mtu wa kumtazama mwingine akilia peke yake.

"Unajua kilichoniua ni nini?" aliniuliza baadaye. "Si kuitwa msaliti. Nilikuja kuamini kwamba ni mimi. Siku ile nilikuwa nimechoka. Waliponiuliza kama zimetimia, nikasema sina uhakika, kwa sababu sikuwa na uhakika. Mama yako akasema amehesabu. Sasa nani atamwamini mtu asiye na uhakika? Tangu hapo nahesabu. Nahesabu mpaka vijiko."

Akanisimulia habari za kaka yake. Vita vilipokwisha, kaka alitoka porini akiwa na risasi mguuni, akaambiwa kwamba wakati yeye anavuja damu, dada yake alikuwa Uingereza anauza karatasi. Mama Rudo alibaki kuzunguka, Dar es Salaam, Lusaka, kisha Durban baada ya utawala wa ubaguzi huko kwisha. Mama yao alipofariki alikwenda kuzika. Kaka alimkuta getini.

"Hakunifungulia. Alinirudisha na mzigo wangu mkononi. Akasema siku nitakayokuja na karatasi inayosema si mimi, ataifungua. Sikumlaumu. Alikuwa na wenzake waliokufa wa kuwafikiria."

"Basi sasa unayo," nilisema. "Mpelekee hiyo kaboni."

Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapokata kitambaa kabla ya kupima. "Kaboni inasema ukurasa ulipotea. Haisemi nani aliupoteza. Atasema nilikuwa nayo mwenyewe siku zote." Akavuta ile meza ya kona, akaondoa taulo kwenye mashine. "Mpigie mama yako simu."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaiegemeza simu kwenye mashine. Iliita mara mbili tu. Nadhani mama alikuwa ameishika tangu asubuhi.

"Rehema," alisema Mama Rudo.

Mama yangu akajibu: "Rudo. Sauti yako ni ileile."

"Yako imezeeka. Sikiliza. Wewe utasema, mimi nitapiga chapa. Kwa Kiswahili, kaka yangu alifunzwa vita huko kwenu, anakisoma. Polepole, unanijua."

"Nakujua. Nakala ngapi?"

"Nne."

Alipachika karatasi nne na kaboni tatu, akazigonga mezani zilingane, akazipitisha kwenye roli. Kwa muda nilisahau kuwa ni wazee. Mama alitamka kwa vipande vifupi vinavyoishia pale pumzi inapoishia, na mwenzake aligonga, na kila mstari ulipofika mwisho mama alinyamaza mpaka kengele ya mashine ilie, ndipo akaendelea. Jina lake. Kazi yake. Meza waliyoketi. Kwamba alikuwa na tabia ya kuchukua kaboni za barua za kawaida. Kwamba kaboni ya ukurasa wa tatu aliichukua yeye, kwa kukosea, akidhani ni mojawapo ya hizo, nayo imeonekana nyumbani kwake Morogoro.

"Nukta," alisema mama. "Ni hayo."

Mama Rudo hakugonga nukta. Alikuwa ameondoa mikono kwenye mashine.

"Hayajaisha, Rehema. Siku ile ulipoulizwa, ulisema umehesabu. Ulihesabu?"

Nilisikia jogoo wa jirani yetu anawika, Morogoro, ndani ya simu. Nilisikia kiti cha mama kikilia. Nilitaka kumwokoa, nikafungua mdomo niseme ana presha, tuendelee kesho. Mama Rudo akainua kidole kimoja bila kunitazama, nami nikaufunga. Kwa maana hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakunisimulia yote. Kuchanganya kaboni ni kosa la mikono, linaweza kumpata yeyote. Lakini kama hakuhesabu, basi lile neno lake ndilo lililomfukuza mwenzake, na hilo kaboni haikuwa imeliandika. Hakuna mtu duniani wa kulisema ila yeye.

"Rehema."

"Sikuhesabu," alisema mama.

"Sema sentensi nzima. Naandika."

"Niliposema nimehesabu, sikuwa nimehesabu. Rudo alisema kweli. Mimi nilisema uongo." Sauti ilikatika, ikarudi. "Niliogopa wangenirudisha na kazi wangeninyang'anya. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nimemwacha kwa mama. Hilo la mtoto usiliandike. Halimsaidii kaka yako."

Mtoto huyo ni mimi.

Mama Rudo aligonga taratibu, herufi kwa herufi, na kutoka nilipokaa niliweza kuyasoma yanapotokea. Aliandika uongo. Aliandika woga. Halafu akaandika na mtoto mchanga.

"Nimesema usiandike," mama alisema. Alikuwa anahesabu milio ya herufi.

"Mpiga chapa ni mimi," alijibu Mama Rudo, akagonga nukta.

Baada ya hapo waliongea mambo mengine ambayo sikuyafuata, kuhusu jiko la gesi lililokuwa likiwazimikia huko Uingereza na mpishi aliyekuwa akiwapa viazi kila siku. Walicheka mara moja. Si kwamba yaliisha; Mama Rudo alipokata simu, uso wake haukuwa wa mtu aliyesamehe. Ulikuwa wa mtu aliyetua kitu kizito na bado hajajua kukaa bila hicho kitu.

Akazichomoa kaboni tatu kutoka kwenye nakala, akazipeleka uani kwenye mkebe wa rangi. "Hesabu," aliniambia. Moja, mbili, tatu. Akahesabu na yeye. Akawasha kiberiti, tukasimama pale katikati ya mchana mpaka zikawa majivu. Ile ya zamani, ya ukurasa wa tatu, aliibakiza. Akanikabidhi nakala zote nne. "Mama yako asaini zote. Ya juu ni ya kaka. Ya pili ni ya chama cha wapiganaji wa zamani. Ya tatu yangu. Ya mwisho, ile hafifu, desturi yetu ilikuwa ibaki kwa mpiga chapa. Mwambie Rehema aibakize yeye."

Jumatatu niliagana na Maman Furaha, aliyenifungia samaki wa kukaanga wa kutosha basi zima. Mama Rudo alikuja kituoni, jambo ambalo sikulitegemea. Begi langu alilichukua mkononi mwangu, akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni mwa basi, mwanamke wa umri ule, nami nikajua kung'ang'ania kungekuwa matusi.

Njiani kurudi sikuona mengi. Nilikuwa nikifikiri jinsi tunavyowaadhimisha waliokaa mezani wakaandika katiba, nami nafurahi tunafanya hivyo, lakini nyuma yao palikuwa na wasichana wawili waliogonga kila neno, na mmoja wao alilipia uhuru wa nchi yake kwa kutoishi ndani yake. Nimejifunza pia jambo dogo la nyumbani. Nilizoea kumsifu mama yangu kwa uhakika wake. Sasa mtu akiniambia hana uhakika, namsikiliza kwanza.

Morogoro nilimkuta mama amevaa nguo ya kanisani, siku ya kazi. Alisoma zote nne, akafika kwenye mtoto mchanga, akanitazama, akaendelea. Akasaini bila kutetemeka. Kitambaa cha waridi nilichorudi nacho alikiweka sandukuni, chini kabisa, na redio yetu sasa iko wazi. Ile nakala hafifu iko ndani ya Biblia yake. Tatu nilizipeleka kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi ziende Durban, nikazihesabu mbele ya karani, nikamwambia naye ahesabu. Alinishangaa.

Zikapita wiki tano. Simu haikuita. Mama alianza tena kula kidogokidogo, lakini kila jioni aliuliza kama mtandao upo.

Jumapili moja, tumetoka ibadani, simu ikaita, namba ya Zimbabwe. Niliweka sauti kubwa. Nyuma ya sauti ya Mama Rudo mbwa alikuwa anabweka na mlango wa chuma unafungwa.

"Mwanangu, mama yako yupo hapo?"

"Yupo, anakusikia."

"Rehema, amesoma. Amesoma akiwa amesimama getini, na miwani yangu, yake imevunjika. Amesoma mara mbili. Hajasema neno."

Mama alinishika mkono. "Halafu?" aliuliza.

"Halafu akanipokea mzigo."